Kampuni za Gesi na Utu wa Mtu wa Pwani

Watu wa pwani ya Kilwa na Lindi walitawaliwa na kampuni kabla hawajatawaliwa na dola ya Ujerumani. Vitabu vyetu vya shule hulipita jambo hili kwa haraka, na sisi tuliopewa kazi ya kufundisha hatulikazii ipasavyo. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Unguja alitia saini mkataba wa kuikabidhi pwani hii kwa Kampuni ya Ujerumani ya Afrika ya Mashariki. Ilipofika Agosti, bendera ya kampuni ilipandishwa katika miji ya pwani, na watumishi wake wakaanza kutoza ushuru na kudai uwezo juu ya ardhi kana kwamba nchi haikuwa na wenyewe. Septemba wananchi walikuwa wamekwisha kuinuka. Watumishi wa kampuni walikimbia Lindi na Mikindani, na huko Kilwa wawili waliuawa. Ndipo Bismarck alipomtuma Wissmann na askari wake mwaka 1889, na mwanzoni mwa 1891 serikali ya Ujerumani ikaichukua nchi mikononi mwa kampuni iliyoshindwa.

Sikumbushi hayo kwa nia ya kuamsha chuki dhidi ya wageni. Nayakumbusha kwa sababu yapo mazungumzo mengi leo, ofisini na barazani, juu ya makampuni makubwa yanayokuja kusini kwa ajili ya gesi, na katika mazungumzo hayo nimesikia mara nyingi kwamba jambo la kampuni na haki za binadamu ni jambo geni, limeletwa na wafadhili na semina zao. Si kweli. Mzee wa Lindi wa mwaka 1888 alilijua jambo hili kabla Umoja wa Mataifa haujazaliwa. Alichokikataa hakikuwa biashara. Pwani hii imefanya biashara na Bara Hindi, Uarabuni na Uchina kwa karne nyingi, na magofu ya Kilwa Kisiwani ni shahidi. Alikataa kampuni iliyojifanya mwenyeji bila kumwuliza mwenyeji.

Kampuni nyingine ilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, safari hii kwa jina la kuwasaidia walaji wa Uingereza waliokosa mafuta ya kupikia. Wazo la kulima karanga Tanganyika lilitoka kwa kampuni ya United Africa, tawi la Unilever, nayo ndiyo iliyosimamia kazi mwanzoni, mwaka 1947, kabla ya shirika la serikali ya Uingereza kuipokea. Nachingwea ilifyekwa kwa matrekta. Reli ilijengwa kutoka Mkwaya, katika hori ya Lindi, kisha ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Mwezi Januari 1951 mpango wote uliachwa, na walipa kodi wa Uingereza walipoteza zaidi ya pauni milioni 35. Hesabu ya hasara hiyo ilijadiliwa kwa kirefu katika Bunge la London. Hesabu ya mkulima wa Nachingwea aliyeona pori lake limegeuzwa uwanja haikupata msemaji katika Bunge hilo. Reli yenyewe ilifungwa mapema katika miaka ya 1960.

Kama mfano wa zamani hautoshi, tuutazame wa jana. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Uholanzi iliyoitwa BioShape iliingia wilayani Kilwa kutafuta ardhi ya kupanda mbono, ili mafuta yake yawashe mitambo ya umeme Ulaya. Ilipata hekta zipatazo 34,000 katika vijiji vinne vya Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Ardhi ya kijiji ilibadilishwa kuwa ardhi ya jumla, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu mgeni kumilikishwa ardhi ya kijiji. Fedha iliyolipwa iligawanywa, asilimia 60 halmashauri ya wilaya na asilimia 40 vijiji. Sehemu ndogo tu ililimwa. Miti ya asili ilikatwa. Mwaka 2009 kazi ilisimama, na mwaka uliofuata kampuni ilifilisika huko kwao.

Msomaji aliye mtumishi wa serikali aipime hali hiyo kwa makini. Kampuni ilipokufa, ardhi haikurudi kijijini yenyewe, maana ilikuwa imekwisha kutoka katika himaya ya kijiji kwa mujibu wa sheria. Mwanakijiji aliyeinua mkono mkutanoni alidhani anakodisha. Kumbe alikuwa anatoa. Nani alimweleza tofauti ya maneno hayo mawili? Ofisa gani aliyekuwapo siku ile alisimama na kusema, ndugu zangu, ardhi hii ikibadilishwa leo, wajukuu wenu hawatairudishia jina la kijiji kwa urahisi? Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyefungwa. Haki ya watu ilipotea kwa muhtasari wa mkutano, muhuri na sahihi.

Sasa tufike Likong'o. Kaskazini ya mji wa Lindi, ukitoka kwetu Rasbura na kuifuata pwani, ndipo mahali palipochaguliwa kujengwa mtambo wa kuipoza gesi asilia iwe kimiminika na kuisafirisha kwa meli. Gesi hiyo imo baharini, mbali na nchi kavu, chini ya maji marefu. Kampuni ya Norway iliyoitwa Statoil, ambayo tangu 2018 inaitwa Equinor, ilitangaza kuigundua katika kisima cha Zafarani mwaka 2012, ikishirikiana na ExxonMobil ya Marekani. Shell iliingia mwaka 2016 ilipoinunua kampuni ya BG ya Uingereza, na ikawa msimamizi wa vitalu vingine. Mwaka huo huo Shirika letu la Maendeleo ya Petroli, TPDC, lilipata hati ya eneo la zaidi ya hekta 2,000. Mwezi Juni 2022 makubaliano ya awali yalitiwa saini Dodoma, na Mei 2023 ikatangazwa kuwa majadiliano yamekamilika. Hata hivyo miaka ikaendelea kupita bila uamuzi wa mwisho wa uwekezaji.

Wakazi wa mitaa ya Likong'o, Mto Mkavu na Masasi ya Leo, zaidi ya watu 600, walithaminiwa mali zao na kulipwa fidia ya jumla ya shilingi zipatazo bilioni 5. Malipo hayo yalifanywa miaka kadhaa baada ya hati kutolewa. Tusilipite jambo la miaka kadhaa kama mtu apitaye kaburi la asiyemjua. Mtu aliyeambiwa kwamba shamba lake limethaminiwa na kwamba asiliendeleze, hapandi mkorosho mpya. Hajengi chumba cha mwanawe anayetaka kuoa. Hatengenezi paa linalovuja. Anangoja. Mkorosho hudai miaka mitatu au zaidi ndipo uanze kuzaa. Kwa hiyo kila mwaka wa kungoja ni mavuno ya baadaye yaliyokatwa kabla hayajachipua, na hakuna mthamini anayeyaandika katika fomu yake.

Sheria zetu si mbaya. Katiba, katika ibara ya 24, inakataza kumnyang'anya mtu mali yake pasipo fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi ya 1999 yadai fidia kamili, ya haki na ya upesi. Kanuni za mwaka 2001 zinataja thamani ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri wa tani 12 kwa umbali usiozidi kilometa 20, kodi ya nyumba kwa miezi 36, na faida iliyopotea kwa miezi 36. Sheria ya Uthamini ya 2016 imeongeza kwamba fidia isipolipwa ndani ya miezi sita tangu uthamini kuidhinishwa itatoza riba, na ikipita miaka miwili uthamini hufa na kazi huanza upya. Hata makaburi yana sheria yake ya kuhamishwa, ya mwaka 1969. Natamani kila mwalimu mkuu wa pwani hii awe na nakala ya kanuni hizo katika kabati la ofisi yake.

Tatizo ni kwamba sheria inahesabu kilicho juu ya ardhi. Inahesabu mnazi, mwembe, ukuta na bati. Mama anayeshuka pwani maji yakikupwa kuchokoa pweza na kuokota chaza hana hati ya mwamba. Mvuvi mwenye mtumbwi na nyavu hana hati ya bahari. Mtambo wa gesi ukisimama, na meli kubwa zikianza kuja, sehemu ya bahari lazima ifungwe kwa usalama, na ni haki ifungwe. Hakuna mwenye akili anayetaka jarife litandazwe chini ya meli ya gesi. Lakini mvuvi huyo atathaminiwa kwa kipimo gani, naye hana mnazi wa kuhesabiwa?

Hapa ndipo wajibu wa kampuni unapoanza, nao ni wajibu tofauti na ule wa Serikali. Tarehe 16 Juni 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilikubali misingi iliyoandaliwa na Profesa John Ruggie kuhusu biashara na haki za binadamu. Kwa muhtasari, Serikali ina wajibu wa kuwalinda watu. Kampuni ina wajibu wa kuheshimu haki zao. Na aliyedhurika lazima apate njia ya kutendewa haki. Neno kuheshimu hapo lina uzito. Maana yake ni kwamba kampuni haitoki katika lawama kwa kusema imefuata sheria ya nchi iliyoikuta, wala kwa kujenga zahanati na kununua madawati. Dawati ni zawadi. Haki haibadilishwi kwa zawadi. Yapasa kampuni ichunguze mapema ni nani atakayeumia kwa kazi yake, iyazuie madhara, na iyaeleze hadharani inayoyafanya.

Kampuni za gesi zinaweza kudai kwamba ardhi ya Likong'o haikutwaliwa nazo bali na Serikali. Ni kweli, na hapo ndipo penye mtego. Vipimo vya Shirika la Fedha la Kimataifa la Benki ya Dunia, ambavyo mabenki mengi makubwa huvitumia kabla ya kukopesha, vinasema kwamba hata ardhi inapotwaliwa na serikali kwa ajili ya kampuni, kampuni hiyo yapaswa kupima kama waliohamishwa wamerudishiwa njia ya kuishi, na mahali penye upungufu iuzibe. Vipimo hivyo havitazami mnazi peke yake, vinatazama kama mwenye mnazi anaendelea kula. Kwa hiyo kabla ya msingi wa mtambo kuchimbwa, ni haki yetu kudai uchunguzi mpya wa wale waliolipwa: wako wapi, wanalima nini, watoto wao wanasoma wapi, na wale ambao hawakumo katika orodha kwa kuwa riziki yao imo baharini ni nani.

Tusidanganyike kwamba kampuni ikiwa na kitabu kizuri cha sera basi mambo yamekwisha. Shell imekuwa Niger Delta ya Nigeria kwa miongo mingi. Wakulima wa huko walifungua kesi Uholanzi mwaka 2008 kwa ajili ya mafuta yaliyomwagika katika mashamba na mabwawa yao. Hukumu ya rufani ya kuwapa haki ilitolewa Januari 2021, miaka 13 baadaye, na baadhi ya walalamikaji walikuwa wamekwisha kufa. Hapa nchini, watu wa North Mara walikwenda mahakama ya London mwaka 2013 kushtaki kampuni ya dhahabu iliyoitwa wakati ule African Barrick Gold, kwa madai ya watu waliouawa na kujeruhiwa mgodini. Kampuni ilikana kuwajibika, na kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2015. Huko pia ulikuwapo utaratibu wa kampuni wenyewe wa kupokea malalamiko, na ulishutumiwa sana kwa sababu waliokubali malipo walitakiwa watie saini ya kuacha kushtaki. Mtu maskini, mwenye jeraha, hana wakili, anapewa karatasi ya lugha ngeni na fedha juu ya meza! Heshima gani hiyo?

Upande mwingine wa jambo hili haujulikani sana kwetu. Equinor ni mali ya taifa la Norway kwa asilimia 67. Kampuni hiyo, kwa maana nyingine, ina mwananchi wa Norway nyuma yake, naye ameitungia sheria. Tangu tarehe 1 Julai 2022 ipo sheria ya uwazi inayoyalazimisha makampuni makubwa ya nchi hiyo kuchunguza madhara ya kazi zao kwa haki za binadamu popote duniani, na kutoa taarifa kila mwaka kabla ya mwisho wa Juni. Zaidi ya hayo, sheria hiyo inampa mtu yeyote haki ya kuiandikia kampuni na kuuliza inavyoyashughulikia madhara hayo. Haikusema raia wa Norway. Imesema mtu yeyote. Kampuni yatakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya wiki tatu, au miezi miwili ikiwa swali ni zito mno, na ikikataa bila sababu halali ipo mamlaka ya Norway ya kupelekewa malalamiko.

Maana yake, mvuvi wa Likong'o anayo haki hiyo leo. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumsaidia kuandika.

Nalisema hili nikiwakusudia watumishi na walimu wenzangu. Miaka kadhaa iliyopita, hapa Rasbura, jirani mmoja mtu mzima alinijia baada ya sala ya alasiri na bahasha. Sitaji ilitoka shirika gani wala ardhi ilikuwa wapi. Ndani mlikuwa na fomu ya kurasa nne kwa Kiingereza, na chini ya ukurasa wa mwisho alama ya dole gumba lake. Akaniambia, "Mwalimu, nisomee nilichokikubali." Nilimsomea. Katika safu ya minazi palikuwa na 11. Yeye alisema minazi yake ni 17, akaitaja mmoja mmoja kwa mahali ulipo, ule wa kisimani, ule wa kaburi la mama yake. Nilimwuliza kwa nini hakusema siku ile. Akajibu kwamba waliokuja walikuwa na haraka, wamevaa vizuri, na kijana wa kwetu aliyeongozana nao, mtu aliyesoma, alimwambia yote yako sawa.

Sikulala vizuri usiku ule, maana kijana huyo ningeweza kuwa mimi. Kampuni ya kigeni haiijui njia ya kwenda kisimani kwa mzee huyo. Huonyeshwa na mmoja wetu. Karani ndiye anayeandika muhtasari, ofisa ardhi ndiye anayehesabu, mtendaji wa mtaa ndiye anayeitisha mkutano, na mwalimu ndiye anayeombwa atafsiri. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi kuwa na kiburi na kuwadharau watu, na wafanyakazi wa viwandani wa miaka ile waliushika wakadai heshima kazini. Dharau ya leo haivai fimbo. Inavaa haraka.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya yatawafukuza wawekezaji na kwamba Lindi imekaa nyuma vya kutosha. Hoja ya kukaa nyuma naikubali, sikai Ulaya nikaisahau. Nataka mtambo ujengwe. Nataka vijana wa Mitwero na Mingoyo wafundishwe kazi za ufundi wapate ajira isiyokuwa ya ulinzi na kufagia peke yake. Lakini mwekezaji makini huogopa zaidi mgogoro kuliko maswali. Fujo za Mtwara za Januari na Mei 2013 juu ya bomba la gesi, ambazo ziligharimu maisha ya watu na mali, hazikutokana na wananchi kuelezwa mno. Zilitokana na watu kuhisi kwamba jambo linalowahusu limekwisha kuamuliwa mahali pengine. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sharti mwenyeji apone kweli, asiugue zaidi.

Kenya na Uganda zilipitisha mipango ya taifa ya biashara na haki za binadamu mwaka 2021. Tume yetu ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina ofisi hapa Lindi, na mlango wake hauhitaji wakili. Halmashauri inaweza kuamua kwamba hakuna fomu ya fidia itakayosainiwa katika eneo lake isipokuwa imeandikwa kwa Kiswahili, imesomwa kwa sauti mbele ya mashahidi wawili aliowachagua mwenye mali, na nakala ameachiwa siku ile ile. Uamuzi huo haudai fedha ya mfadhili. Kikao kimoja kinatosha.

Na ile barua ya kwenda Stavanger, yalipo makao makuu ya Equinor, walimu wa shule za Mbanja na Rasbura wanaweza kukaa na wavuvi jioni moja wakaiandika. Iulize mambo matatu tu kwa kuanzia: sehemu gani ya bahari itafungwa, wavuvi na wachokoa pweza wangapi wamehesabiwa, na ni lini waliolipwa fidia watatembelewa tena kuulizwa wanaishi vipi. Iwekwe tarehe, inakiliwe kwa Mkuu wa Mkoa na TPDC ili pasiwe na la kuficha, na nakala moja ibandikwe ofisi ya mtaa. Kisha zihesabiwe wiki tatu.